Mirashi Saba ya Raskazone

Siku niliyoviona vichwa vile vya maji vikizama ardhini kimoja baada ya kingine, nilipiga ukelele mpaka kunguru wakaruka ukutani. Mtu mzima mimi, nimeshapita miaka arobaini, buti za mpira miguuni na bisibisi mkononi, narukaruka peke yangu kwenye uwanja wa watu! Mpaka leo nikisimulia kisa hiki mikono hainitulii. Lakini nikianza na ukelele huo sitaeleweka, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo.

Kazi yangu ni bustani. Natunza uwanja wa nyumba moja ya zamani kule Raskazone, Tanga, zile za kuta nene na madirisha marefu, yenye baraza pana mbele na ukoka kuanzia ngazi za baraza mpaka getini. Ukoka ule aliupanda baba yangu. Aliuleta kutoka kwao Mwera, upande wa Pangani, kwenye magunia yaliyoloweshwa maji, akauchomeka shina kwa shina kwa kijiti, siku nyingi akiwa amechutama. Mimi nilikuwa mdogo. Jumamosi nikija naye nakalishwa kwenye mawe ya pembeni. "Ukoka wa watu huo," ananiambia, "mwisho wako hapo hapo." Nilikuwa mkaidi kwa kila kitu ila kwa hilo. Yeye mwenyewe sikumwona hata siku moja akiukanyaga bila buti na bila kazi. Alipofariki nikairithi kazi, na buti nikazirithi, nazo mpaka leo nazijaza matambara mbele kwa sababu ni kubwa kuliko miguu yangu.

Mwenye nyumba ni bimkubwa mmoja wa miaka sabini na ushei, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ualimu wenyewe haujastaafu. Ukiongea naye unajikuta umesimama wima na mikono nyuma. Macho yake yameingiwa na presha, anaona mwanga na vivuli tu. Hataki fimbo, hataki kushikwa mkono. Kila asubuhi anavua ndara, anashuka ngazi za baraza, anatembea juu ya ukoka mpaka getini, anagusa chuma cha geti, anarudi. Anasema miguu yake inamsomea kila kitu, na kweli, siku moja alinitajia kwamba nimekata nyasi kwa haraka upande mmoja. Nilikuwa nimekata kwa haraka.

Matata yalianza mwanawe wa kiume, anayeishi Dar es Salaam, alipoleta mafundi wakafukia mabomba chini ya ukoka. Hakukuwa tena na mpira wa kuburuta. Vichwa saba vilikaa ardhini vimejificha, ukifungua koki vinachomoza vyenyewe kwa nguvu ya maji na kuanza kuzunguka na kurusha. Bimkubwa aliposikia zile sauti za maji mara ya kwanza alicheka sana. "Ati hii ni mirashi," akasema, "tumekuwa maharusi kila siku, tunanyunyiziwa marashi!" Tangu siku hiyo jina likawa hilo. Mwanawe anasema springla, sisi tunasema mirashi.

Basi ile mirashi ikaanza kuniulia ukoka wa baba yangu. Karibu na baraza kukawa tope, katikati kukawa na mizunguko ya kijani, na kule karibu na geti, mahali penye ukubwa wa mkeka wa watu wanne, pakafa kabisa. Pakawa vumbi na visiki vikavu vya nyasi vinavyochoma. Asubuhi moja bimkubwa alijikwaa hapo akaanguka kwa goti. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini mwanawe alipopata habari hakungoja kuelezwa. Ndani ya juma moja lori likaja kumwaga matofali ya pevingi kando ya geti, na fundi akafuata nyuma na kamba na vigingi. Uwanja wote utapigwa pevingi, mwanawe akasema, mama apite pazuri pasipo na hatari.

Nilimkuta fundi ameshapiga kigingi cha kwanza katikati ya ukoka. Mimi hasira zangu huwa hazibishi hodi. Nilikichomoa nikasimama nacho mbele yake, na sijui ningekifanyia nini kama bimkubwa asingeita kutoka barazani.

"Mnagombana nini huko?"

"Shikamoo bimkubwa. Huyu bwana anataka kuuzika ukoka wa baba."

"Marahaba. Si unaniangusha huo ukoka wa babako?"

Goti lake lilikuwa bado na bandeji. Nilikaa kwenye ngazi chini yake nikaanza kulia kwa hasira, kilio kibaya cha mtu mzima. Nikamwambia anipe muda, ni maji tu hayo, hayafiki sawa, nitayaweka sawa. Kisha akatoa hukumu.

"Mwezi uandame mara mbili. Ule wa pili ukionekana, asubuhi yake nitatoka hapa niende getini. Nikipita pale palipokufa na mguu wangu usipajue, matofali yaondoke. Ukipajua, wewe mwenyewe utamfungulia fundi geti. Umekubali?"

Nikakubali. Fundi akaweka turubai juu ya matofali yake, akaniambia kwa upole kwamba atapita pita kutazama. Nilimchukia kwa ule upole wake.

Kesho yake nilianza kuijua mirashi, kwa maana kweli nilikuwa siijui. Miaka miwili nimefungua koki na kufunga koki, basi. Nilifungua nikapiga magoti mbele ya kila kichwa, kimoja kimoja, nikilowa mpaka mgongoni, na lo, niliyoyaona! Kichwa cha pili kilikuwa kinanywesha ukuta. Ukuta umeota ukungu wa kijani na nyasi chini yake zinakufa kwa kiu. Cha tatu kilikuwa kinarusha nje ya uzio, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vijana wa bodaboda hupenda kuegesha pikipiki zao pale jioni: wanaoshewa. Cha tano kiligongwa na gurudumu la gari kikainama, upande mmoja kinachimba ardhi na upande wa pili kinanyunyizia mbingu. Cha sita kilimezwa na nyasi, kimebaki kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Cha saba, kile cha karibu na geti, kilikuwa kimezibwa na mchanga.

Nilivifungua vyote. Ndani ya kila kichwa kuna chujio dogo, nikaliosha kwa mswaki wa zamani. Nikakichimbua kilichoinama nikakisimamisha wima, nikakipandisha kilichozama mpaka kikawa sawa na uso wa ardhi. Halafu nikagundua raha ya bisibisi! Juu ya kichwa pana tundu, ukizungusha kidogo unakiambia kigeuke nusu au robo au kizunguke chote. Skrubu ndogo ya pembeni inafupisha maji au kuyaachia yaende mbali. Nilikuwa nazungusha, nakimbia nyuma, natazama, narudi, nazungusha tena. Nikajiwekea sharti moja: maji ya kichwa hiki yafike miguuni pa kichwa kile, wasalimiane, pasibaki mahali katikati pasipo na mwenyewe. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa nimelowa chapachapa na sijakumbuka hata kunywa chai.

Lakini jicho linadanganya, hasa likiwa na furaha. Nilitaka kupima. Ndipo nilipokumbuka vikombe vya kahawa vya mama yangu.

Mama anakaa Nguvumali, na katika kabati lake mna vikombe vya kahawa zaidi ya ishirini, vidogo, vyote sawasawa, vinavyotoka siku za maulidi na hitima tu.

"Vikombe vyangu vya hitima ukaviweke kwenye nyasi?" akauliza.

"Viwili vitatu siku, mama. Narudisha."

"Viwili vitatu ni vikombe au ni siku?"

"Ni vyote, mama. Kwa siku kidogo."

Akanitazama. Nikamwambia ni ukoka wa baba. Akaenda kabatini, akavifunga kimoja kimoja kwa gazeti, akavihesabu mbele yangu, akaniapiza kwa kila kitakachopasuka. Nilivipakata kwenye bajaji mpaka Raskazone, nikimkaripia dereva kila shimo.

Nikavipanga uwanjani kwa mistari, hatua nne nne. Saa tatu asubuhi nikafungua koki, nikaacha kwa robo saa, nikafunga, nikaanza kuvitembelea. Kimoja kimejaa, kimoja kina tone, kimoja kina mdudu. Nikakaza skrubu hapa, nikalegeza pale. Asubuhi ya pili vikakaribiana. Ya tatu zaidi. Asubuhi ya nne, wallahi, nilipita kwenye ile mistari nikichovya kidole, na kila kikombe maji yalifika kwenye kifundo cha kwanza cha kidole changu, kila kikombe, mpaka kile kilichokaa katikati ya vumbi la getini! Nilimkimbilia bimkubwa na vikombe viwili, kimoja cha baraza kimoja cha geti, nikamtia mkononi avipime. Akachovya, akachovya, akasema, "Maji ni maji. Nasubiri nyasi." Lakini alitabasamu.

Nikarudisha vikombe kwa mama, vyote vizima, nikaanza kumwagilia kwa saa zangu za kawaida. Na saa zangu za kawaida zilikuwa zile za baba, ambazo ni za kila mtunza bustani niliyemjua Tanga. Jua likipoa, ukisikia adhana ya alasiri unafungua koki, unaacha maji, unakwenda kutawadha na kuswali. Ukirudi unafunga. Maji yanafanya kazi yao na wewe unafanya ibada yako, hakuna kinachopotea. Mimi natawadha kwenye bomba la uani, naswali kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko, narudi nakuta mirashi yote saba imesimama inazunguka kwa fahari, nafunga, naondoka zangu.

Mwezi wa kwanza ukaandama. Katikati ya uwanja paliamka vizuri, ile mizunguko ikafutika. Pale getini pakabaki vumbi. Nilichoma bisibisi ardhini karibu na baraza, ikazama mpaka mpini. Nikachoma getini, ikagota haijazama hata ukucha.

Nikaenda tena kwa mama, nikaomba tena, nikaapizwa tena. Safari hii nikavipanga alasiri, nikafungua koki, nikaenda kuswali. Niliporudi, vya baraza vilikuwa vimefurika, vya katikati nusu, vya getini vina tone tu chini! Vichwa vile vile, skrubu zile zile, sijagusa kitu! Nikatazama juu, nikawaona kunguru wamejipanga ukutani.

"Bimkubwa, kunguru wanakunywa maji kwenye vikombe!"

"Wote?"

"Wamejipanga hapa, bimkubwa, mashetani weusi!"

"Kunguru wa Tanga wana kiu ya getini tu, barazani hawana?"

Nilitafuta mawe ya kuwarushia, bila faida. Siku mbili zile nililaumu kunguru, nikalaumu upepo wa kaskazi, nikamlaumu fundi wa pevingi kwamba ameniwekea kijicho. Yeye maskini alipita, akainua turubai, akahesabu matofali, akaniuliza, "Dada, unahitaji msaada?" Nikamwambia nahitaji atoke mbele ya macho yangu. Zilibaki kama wiki tatu na ushei, na nilishaanza kuuota ule uwanja umekuwa kama kituo cha mafuta.

Sasa nifike kwenye ukelele. Wanawake watanielewa, na wanaume wakielewa si vibaya: siku ya tatu nilikuwa kwenye siku zangu, sina swala. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa kwenye msikiti ulio nyuma ya ukuta wetu, nikafungua koki kama kawaida, lakini safari hii sikuwa na pa kwenda. Nikakaa juu ya matofali, nimeshika tama, natazama mirashi yangu saba.

Haikupita muda. Kichwa cha saba, kile cha getini, maji yake yakaanza kufupika. Yakarudi hatua mbili, yakarudi tatu, yakawa yanadondoka mdomoni tu, halafu kichwa chenyewe kikazama ardhini taratibu. Nikasimama. Cha sita kikafuata. Cha tano. Cha nne. Kama watu wanaokwenda sijida mmoja baada ya mwingine, nikabaki na vitatu vya karibu na baraza vinarusha kila kitu walichoachiwa na wenzao. Nikafikiri bomba limepasuka. Nikakimbilia ukutani kusikiliza kama kuna maji yanayomwagika, na nikayasikia! Upande wa pili, kwenye birika la msikiti, mabomba yote yamefunguliwa, watu wanasukutua, wanaosha miguu, ndoo zinajaa, salamu zinapokezana. Nikabaki nimebandika sikio kwenye ukuta ule wenye ukungu. Halafu mabomba yakafungwa moja moja, ikakimiwa swala, kukawa kimya. Na nyuma yangu nikasikia chii. Nikageuka. Cha nne kinachomoza. Cha tano. Cha sita. Cha saba kikainuka kikatikisa kichwa na kurusha maji mpaka kwenye buti zangu.

Hapo ndipo nilipopiga ule ukelele.

Miaka miwili! Miaka miwili hakuna aliyeyaona hayo, kwa sababu yalipotokea kila mtu alikuwa anatawadha. Mimi mwenyewe nilikuwa uani, bomba nimelifungulia mpaka mwisho, naiba maji ya ukoka wa baba yangu kwa mikono yangu miwili, kisha nainua mikono hiyo hiyo kumwomba Mungu auoteshe! Na nilipokuwa nikitoa salamu na kurudi uwanjani, maji nayo yalikuwa yanarudi, nakuta mirashi yote imesimama, nafunga nikiwa nimeridhika. Kichwa cha saba kilikuwa kinapata dakika mbili kwa siku, kimetoka kuamka tu nakiambia lala.

Nilipanda ngazi za baraza mbili mbili. Bimkubwa alikuwa anamaliza nyiradi zake, nikangoja.

"Bimkubwa, msikiti unakunywa maji yetu!"

"Ndiyo," akasema. "Bomba lao limetoka kwetu. Marehemu mume wangu alilichepusha kutoka kwenye bomba la nyumba hii, akaliweka sadaka."

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyewapikia mafundi."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Uliniuliza habari za kunguru."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, tukacheka wote wawili kama wendawazimu. Halafu nikaharibu. Nikiwa bado na ile furaha nikamwambia basi kazi imekwisha, naweka koki moja ndogo ukutani, nafunga bomba la msikiti nusu saa tu, hawatajua. Kicheko chake kikakatika.

"Maji ya udhu yafungwe kwa ajili ya nyasi?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Kama msikiti hauhami saa zake, ukoka ndio utakaohama.

Nikaanza kuwinda saa. Alfajiri hapana, watu wanatawadha. Mchana jua linakula maji kabla hayajagusa shina. Lakini kuna saa moja nzuri sana ambayo nilikuwa nalala siku zote: watu wameshaswali alfajiri, wamerudi majumbani, jua ndiyo kwanza linajitayarisha na upepo haujaamka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilitoka Nguvumali kwa baiskeli na vikombe vya mama kwenye kapu, nikavipanga, nikafungua. Vichwa saba vikasimama kama askari na havikuinama hata kimoja. Maji yalinyooka hewani bila kupeperushwa. Nilichovya kidole kuanzia barazani mpaka getini, kifundo cha kwanza, kifundo cha kwanza, kifundo cha kwanza. Cha mwisho nilikibusu.

Kuanzia hapo sikumwagilia kila siku tena. Ile kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni iliuzoesha ukoka uvivu, mizizi inakaa juu inangoja kuletewa. Nikawa namwagilia siku tatu kwa wiki, lakini kwa muda mrefu, mpaka bisibisi izame yote, kisha nauacha ukatafute wenyewe chini. Pale getini nilipatifua kwa uma nikachanganya mboji. Sikupanda hata shina moja. Nilitaka uje kwa miguu yake, ukoka ule ule wa Mwera.

Ukaja! Nilichomeka njiti za kiberiti kwenye ncha za matawi yanayotambaa, kila nikifika asubuhi natupa baiskeli nakimbilia njiti kwanza, kabla ya kumwamkia mtu. Umepita njiti! Umepita tena! Pale palipokuwa na ukubwa wa mkeka pakawa msala, msala ukawa sinia, sinia likawa sahani. Fundi wa pevingi naye akanogewa. Alipita asubuhi moja, akachutama nami, akaniambia, "Huu wa upande huu umeuzidi ule, dada," nikajikuta namjibu vizuri.

Mwezi wa pili ukaandama. Asubuhi yake nilifika mapema kuliko siku zote, na sikumwagilia, nisije nikadaiwa nimeficha kitu kwa maji. Fundi alikuja na toroli lake akasimama kando ya matofali. Bimkubwa akatoka amejitanda kanga mpya, akavua ndara kwenye ngazi, akazipanga sawa. Nilitaka kusema neno, akaniinulia kidole. Alianza kusoma uradi kwa sauti ili asihesabu hatua, akashuka.

Mimi nilisimama kwenye mawe ya pembeni, pale pale nilipokuwa nakalishwa utotoni. Alitembea polepole, kisigino, unyayo, vidole. Alifika kichwa cha tano. Akafika cha sita. Nikaona mguu wake wa kulia unashuka mahali penyewe, katikati kabisa, nikafumba macho. Uradi haukukatika. Nilipofumbua alikuwa amenyoosha mkono na kiganja chake kimegusa chuma cha geti.

Akashtuka. "Hili si geti?"

"Ndilo, bimkubwa."

"Na pale palipokufa?"

"Umeshapapita."

Mkono wake bado uko kwenye chuma. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Matofali yaende msikitini. Pale wanapotawadha pana matope. Fundi ukayapange huko." Fundi akaitika akaanza kukunja turubai, nami nilikuwa nalia na kucheka na sijui kipi kimetangulia.

"Wewe," bimkubwa akaniita. "Baba yako aliwahi kupita hapa mguu mtupu?"

"Hapana, bimkubwa. Hata siku moja."

"Vua buti."

Nikavua. Matambara yakadondoka kutoka kwenye ncha za buti, nikaona haya, halafu nikakumbuka haoni. Akanishika mkono, yeye asiyetaka kushikwa, akanigeuza kuelekea barazani tukaanza kurudi. Ukoka ulikuwa wa baridi na una umande, ukibonyea na kuinuka chini ya nyayo zangu. Sikutazama chini. Niliinua macho nikayakaza kwenye ngazi za baraza, nikitembea kama anavyotembea yeye, nikingoja mguu wangu uniambie. Tulifika mpaka vidole vyangu vikagota kwenye ngazi ya kwanza.

"Bimkubwa," nikamuuliza, "tumeshapapita?"